Usiniulize mimi, muulize mama

Watu wakijua mama yangu ni kiziwi na mimi ndo mkalimani wake wa lugha ya alama tangu utoto, cha kwanza wanachosema ni hongera. Una roho nzuri, Mungu atakulipa, watoto kama nyie siku hizi wachache. Najua wanasema kwa wema ila hiyo hongera inanikera kuliko tusi, kwasababu inachukua uzembe wa serikali na wa jamii nzima inaugeuza kuwa tabia njema ya mtoto mmoja.

Ngoja nieleze. Nikiwa darasa la tatu nilishakaa kwenye chumba cha daktari, yunifomu ya shule mwilini, mtu mzima ananieleza habari za kizazi cha mama yangu. Kizazi! Mtoto wa kiume, darasa la tatu. Alama za mambo hayo sikuwa nazo maana nani angenifundisha, mama mwenyewe asingeweza kuongea vitu hivyo na mwanae, basi yale maelezo yote marefu yakatoka mikononi mwangu kama "tumbo, dawa, kutwa mara tatu". Mama akaniangalia, akajua fika kwamba daktari kaongea mengi kuliko hayo, akaona haya kuuliza, tukaondoka. Na muda wote ule daktari hakumtazama usoni. "Mwambie mama yako hivi", "muulize mama yako vile". Mgonjwa yupo hapo mbele yake, akili timamu, anashona nguo za nusu ya mtaa na hakuna mteja amewahi kumdhulumu hata mia, lakini anayeongeleshwa ni mimi.

Afu hapo tumefika kwa daktari, kufika kwenyewe ni kazi. Hospitali nyingi unaitwa kwa sauti. Nesi anatoa kichwa mlangoni anaita jina, anaita tena, kimya, anaandika "hayupo" anaita mwingine, na mama kakaa hatua tatu pale kwenye benchi anamtazama. Akienda dirishani kuulizia wanampandishia sauti, sijui wanadhani ukipaza sana uziwi utaisha. Kipindi cha corona ndo ilikuwa balaa kabisa, barakoa zimefunika midomo, hata kale kadogo alikokuwa anakadaka kwa kusoma midomo kakapotea.

"Si aandike tu." Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Jamani, mama na wenzake wa rika lake walisoma shule ambako ukitumia mikono unachapwa. Walikuwa wanalazimishwa kutoa sauti, mwaka mzima mtoto anafundishwa kutamka "baba" wakati wenzake wanafundishwa kusoma. Na hilo halikuanzia kwetu, mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan kule Italia, karibu wote wenyewe wanasikia, wakapitisha kwamba kuongea kwa mdomo ndo bora na lugha ya alama iondoke madarasani. Imekuja kufika 2010, kwenye mkutano wa Vancouver, ndo waliowarithi wakasema wanajutia. Miaka 130! Kwahiyo ukimpa mama karatasi yenye "kabla ya upasuaji mgonjwa asile chochote" usishangae akikutolea macho, Kiswahili cha kuandika kwake ni lugha ya pili, na aliyetakiwa kumfundisha alikuwa bize kumchapa vidole.

Sheria tunazo, hilo ndo linaniuma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ule mkataba ibara ya 9 umetaja kabisa wakalimani wa lugha ya alama, tena wa kitaalamu, haukusema mtoto wa mgonjwa atolewe darasani. Ibara ya 25 inataka mgonjwa akubali matibabu kwa hiari yake baada ya kuelewa. Sasa mama alielewa nini siku ile? Majirani zetu nao wametupita, Uganda waliiweka lugha ya alama kwenye katiba yao ya 1995 na mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Kenya katiba ya 2010 inasema lugha za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Alama ya Kenya. Sisemi huko viziwi wanakula bata, nesi wa kule naye anaita kwa sauti, ila angalau ukidai una pa kushikia.

Kwetu mkalimani tunamuona kwenye TV, kaboksi kadogo pembeni na maandishi ya chini yanayopita yamefunika mikono yake. Na hako kenyewe watu wanakakata klipu wanatumiana kwenye magrupu wacheke, eti angalia jamaa anavyojikunja.

Najua jibu litakuwa bajeti. Sawa. Ila hospitali hiyohiyo ina mlinzi wa kupanga magari, na wote humo ndani wana simu za kupiga video. Mkalimani mmoja akikaa sehemu moja na intaneti nzuri anaweza kuhudumia vituo kibao kwa siku, haihitaji kila zahanati iajiri wake. Na namba ya foleni kuandikwa ubaoni badala ya kuitwa ni bei ya chaki. Kumtazama mgonjwa usoni wakati unaongea naye hata chaki haihitaji, mtafsiri akae pembeni, wewe ongea na mama, useme "unaumwa wapi mama", yeye ajibu, basi.

Mimi sasa ni mtu mzima na bado namsindikiza, na bado wananiuliza mimi. Siku hizi nanyamaza, nanyoosha kidole kwake. Wengine wanaona nina kiburi, kuna mmoja alimwandikia dawa bila kuuliza kitu chochote, kwa hasira tu. Mama hilo halimsumbui sana. Kinachomsumbua anasema ni kwamba kuna swali anataka kumuuliza daktari miaka mingi sasa, na siku atakayopata mkalimani ambaye si mwanae ndo ataliuliza. Nimembembeleza aniambie ni swali gani, amekataa katakata.