Meza kuu wapewe ya bei, sisi tupewe ya Dodoma

Jumapili iliyopita kamati ya harusi ya mdogo wangu ilikaa saa tatu nzima. Chakula tulikimaliza kwa dakika kumi, mapambo na MC kwa nusu saa, halafu tukakwama kwenye mvinyo. Mjumbe mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, akapendekeza meza kuu iwekewe chupa za Afrika Kusini za shilingi 95,000 kila moja, na meza zilizobaki zipewe mvinyo wa Dodoma. "Wakwe wasije wakatuona hivi hivi," akasema. Wenzangu wakaitikia. Nikauliza ni nani pale aliyewahi kuionja hiyo ya 95,000. Hakuna. Bei yake ilitosha.

Nilirudi nyumbani na hasira, na mpaka leo haijanitoka. Hizi ni fedha za michango. Kuna shangazi yetu anauza maandazi, ametoa ahadi ya laki moja na ameilipa kwa mafungu manne. Chupa moja ya meza kuu inameza karibu mchango wake wote. Nikitaka kukubali jambo hilo, lazima mtu anieleze ndani ya chupa ile kuna nini.

Basi tuifungue kwa hesabu. Chupa ya mililita 750 inahitaji kilo moja na kitu hivi ya zabibu. Mjomba wangu analima zabibu Hombolo, ekari moja na nusu, na Dodoma tuna bahati ya kuvuna mara mbili kwa mwaka. Msimu uliopita aliuza kilo kwa shilingi 1,200. Kwa hiyo jasho la mkulima katika chupa nzima halifiki hata shilingi 2,000. Mtu atasema zabibu za Ulaya ni tofauti. Sawa. Zabibu za Champagne kule Ufaransa, ambazo ni miongoni mwa ghali kabisa duniani, kilo yake huuzwa kwa euro 6 au 7 hivi. Hata ukitumia hizo, bado hujafika mbali.

Kuna pipa. Wanaotetea chupa za bei hukimbilia pipa la mwaloni ambamo mvinyo hukomazwa, na ni kweli pipa jipya la mwaloni wa Ufaransa linafika dola 1,000 na zaidi. Lakini pipa la kawaida ni lita 225, yaani chupa 300. Gawanya: dola tatu au nne kwa chupa, na pipa lenyewe hutumika tena msimu unaofuata. Ongeza chupa ya kioo, kizibo, lebo, mishahara ya kiwandani, muda wa kuuacha mvinyo utulie, meli, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, faida ya mwagizaji na faida ya muuza duka. Vyote hivyo ni gharama halali na sina ugomvi navyo. Ila ukishavijumlisha kwa haki utaona kwamba mvinyo uliotengenezwa kwa uangalifu mkubwa unaweza kukufikia mezani kwa bei ya kawaida, na kwamba panapoanzia zile bei za kutisha hununui tena kinywaji. Unanunua jina la shamba, uhaba wake, na heshima ya kuonekana nayo. Na ukiagiza hotelini unanunua pia kiyoyozi na kitambaa cheupe, kwa sababu hoteli nyingi huuza chupa mara tatu ya bei ya dukani.

Kwa upande wa chini bei ina maana, na hilo nalikubali ingawa linanipunguzia hoja. Chupa, kizibo, lebo na usafiri hugharimu karibu sawasawa kwa mvinyo mbovu na mvinyo mzuri. Kwenye chupa ya shilingi 9,000, ukishaondoa vitu hivyo na kodi, kinachobaki kwa ajili ya mvinyo wenyewe ni kidogo sana, ndiyo maana nyingi hutiwa sukari kuficha kasoro. Ukipanda hadi 20,000 au 25,000, sehemu kubwa ya nyongeza inaingia kwenye zabibu na kwenye kazi ya mtengenezaji, na ulimi unaiona tofauti. Hapo ongeza fedha, usisite. Mwisho wangu mimi ni 30,000, na sijawahi kujutia.

Jambo ambalo watu wa Dar hawalisemi ni joto. Mvinyo unataka mahali pa baridi na giza. Hizo chupa za bei mnazoziona zimesimama dirishani, jua la saa nane likizipiga, miezi sita bila mnunuzi kwa sababu ni ghali, zimeshaungua. Kizibo hukauka, hewa huingia, ladha inageuka kama matunda yaliyopikwa yakaachwa. Chupa ya bei ndogo inauzwa upesi na kuletwa nyingine mpya, mara nyingi ina kifuniko cha kuzungusha, na inakufikia ikiwa hai. Niliwahi kununua zawadi ya 110,000 kwa bosi wangu wa zamani akistaafu. Tulipoifungua mbele ya watu ilikuwa na harufu ya siki. Niliona aibu, naye kwa ustaarabu wake akainywa yote.

Na tafadhali, ule usemi kwamba mvinyo mwekundu haupozwi umetoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako joto la chumba ni nyuzi 16 au 18. Sebule ya Sinza ni nyuzi 30. Weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kunywa. Nusu saa hiyo haigharimu kitu, na itakuongezea ladha kuliko shilingi 50,000 za ziada.

Kuhusu ulimi wenyewe, kuna utafiti wa mwaka 2008 uliofanyika Caltech kule Marekani ambao kila kamati ya harusi ingefaa kusomewa. Watu 20 walionjeshwa mvinyo huku ubongo wao ukipigwa picha kwenye mashine. Mvinyo wa dola 90 walipewa mara mbili, mara ya kwanza na ya pili kwa bei tofauti: 90 na 10. Wa dola 5 nao wakaambiwa mara ni wa 5, mara ni wa 45. Kinywaji kile kile, wakikiona kina bei kubwa walikipenda zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikachangamka kweli. Hawakuwa wanadanganya. Bei ilikuwa imewaingia mdomoni. Walipoonja bila kuambiwa bei, tofauti ile ikatoweka. Mwaka huo huo watafiti wengine walikusanya matokeo ya uonjaji zaidi ya 6,000 ambapo chupa zilifichwa, kuanzia za dola 1.65 hadi za dola 150. Watu wa kawaida, kwa wastani, hawakuzipenda chupa za ghali kuliko za rahisi; walizipenda pungufu kidogo. Waliosomea kuonja ndio walioelekea kuzipenda za ghali, na hata wao si kwa mbali. Kama mkwe wetu amesomea kuonja mvinyo, niko tayari kubadili msimamo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni ile sehemu ya pili ya pendekezo: Dodoma iwe ya meza za nyuma. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana, hapo hapo Dodoma, miaka ya 1950, na tangu hapo familia za Hombolo, Mvumi, Makutupora na Chinangali zimelima zao ambalo Watanzania wengi hawajui hata kama linaota kwao. Nimemwona mjomba wakati wa mavuno akisubiri lori ambalo haliji, zabibu zikilainika kwenye kreti. Baadhi ya majirani zake wameanza kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda, ili walau mali isioze. Serikali imeweka ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wa zabibu za nyumbani chini sana kuliko wa nje. Kisha sisi, watoto wa hao hao wakulima, tunakaa kwenye kamati na kuona haya.

Mei 24, 1976, mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwaita waonjaji Wafaransa mjini Paris, akawawekea mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha chupa. California ikaongoza kwa mweupe na kwa mwekundu. Kabla ya siku ile kuna waliokuwa wakiionea haya California vile vile. Sisemi Dodoma ya leo ingeshinda Paris. Nimeshakunywa mvinyo wa Dodoma mbaya, mtamu kupita kiasi, na siutetei kwa sababu tu ni wa nyumbani. Nasema hatujauonja mzuri wake bila kuwa tumeshauhukumu.

Pasaka iliyopita nilizifunga chupa tano kwa magazeti, nikaita marafiki sita. Watatu walichagua mvinyo mweupe mkavu, yaani usio mtamu, wa Dodoma wa shilingi 22,000. Wawili walichagua wa Afrika Kusini wa 28,000. Mmoja alichagua ule wa 88,000 niliokopa kwa shemeji, na bado anasisitiza ulikuwa bora. Namwamini. Ulimi ni wake, na kama ataununua kwa fedha yake sina neno.

Msiotumia kilevi mtanivumilia kwa makala ndefu, ingawa shangazi wa maandazi ni wenu pia, na mchango ni mchango.

Kamati inakutana tena Jumapili hii saa kumi. Nitakwenda na chupa nne zimefungwa magazeti, zimekaa kwenye friji, na glasi za kutosha. Nimempigia simu mwenyekiti, amekubali tuonje kwanza ndipo tufungue daftari la bajeti. Na yule mzee wangu nimemwomba awe wa kwanza.