Fuvu la Rusinga lilirudi Kenya, mbona halijafika Rusinga

Jumamosi moja nilimpeleka mtoto wa dada yangu makumbusho ya Kisumu, pale barabara ya kwenda Kericho. Akaangalia yule simba anamrukia nyumbu, akaangalia nyoka, tukaingia Ber-gi-dala, lile boma la Kijaluo la maonyesho, akaonyeshwa nyumba ya mikayi yaani mke wa kwanza, ya nyachira wa pili, ya reru wa tatu, na ya kijana mkubwa wa boma. Alifurahi sana. Halafu akaniuliza, anko, na yule nyani wa zamani tulisoma alitoka Rusinga, ako wapi? Nikamwambia ako Nairobi. Akasema, si Rusinga ni hapa tu kwetu?

Hilo swali limenikaa. Nimelizungusha wiki mbili na bado naona liko na pande mbili za ukweli, kwa hivyo wacha niliweke hapa lote.

Kwanza kwa wale hawajui hii stori. Mwaka 1948 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipata kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, fuvu la nyani wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita, wakamwita Proconsul, siku hizi wataalamu wanamwita Ekembo heseloni, na hilo heseloni limetoka kwa Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba na kina Leakey kwa miaka mingi. Ilikuwa mara ya kwanza dunia kuona uso wa nyani wa enzi hizo, kwa hivyo Mary akapanda ndege nalo mwenyewe hadi London. Huko likabaki. Lilipelekwa kwa mkopo, lakini mkopo wa aina ile unajua ulivyo, miaka ikaenda tu, tukapata uhuru, na lilirudi Kenya miaka ya 1980. Tangu hapo liko Nairobi na namba yake ni KNM-RU 7290. Hizo herufi RU ndo Rusinga. Ni herufi mbili tu kisiwa kilibakishiwa.

Sasa tukiongea vitu vyetu kurudishwa, watu huwa wanafikiria London, Berlin, Chicago. Na ni haki, mimi sina shida na hiyo vita hata kidogo. Mradi mmoja wa kuhesabu vitu vya Kenya vilivyo nje ulipata zaidi ya 32,000 kwa makumbusho 30 tu za Ulaya na Marekani. Simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli, ile reli iliyofika hapa Kisumu 1901, wako Field Museum Chicago, waliuzwa kwa dola 5,000 baada ya ngozi zao kuwa mazulia ya kukanyaga nyumbani kwa Patterson aliyewaua. British Museum wao wana sheria ya 1963 inayowazuia kutoa vitu vyao isipokuwa kwa sababu chache sana, ndo maana hata dhahabu ya Waasante ilienda Ghana 2024 kama mkopo wa miaka tatu. Yaani unakopeshwa kitu cha babu yako. Hapo sitaki kupima pande mbili kwa muda mrefu, kitu kilichochukuliwa kwa bunduki kirudi.

Lakini kirudi wapi? Hapo ndo tunanyamaza. Tukisema "Kenya" tunamaanisha Nairobi, bila hata kufikiria. Na katiba ya 2010, ile ratiba ya nne, imetaja makumbusho waziwazi kati ya kazi za kaunti, serikali kuu ikabakishiwa yale maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Kwa hivyo si kwamba mtu wa Kisumu au Homa Bay akiuliza anaomba msaada.

Upande wa Nairobi una hoja, na nzito. Fosili si kama picha ya kutundika ukutani. Mtafiti akitaka kujua kama jino la Rusinga linafanana na jino la Turkana ama la Tugen lazima ayaweke mezani pamoja, na akilazimika kwenda kaunti tano kuona meno matano hiyo kazi haifanyiki. Fuvu lenyewe linavunjika ukilishika vibaya, linataka joto la kiasi kimoja, hewa isiyo na unyevu, mtu aliyesomea kulishika, na rekodi ya kila aliyelifungulia kabati. Hizo ziko Nairobi kwa sababu zilijengwa huko miaka mingi. Ata Waethiopia, Lucy wao, yule jamaa wa kale wa binadamu, alipatikana Hadar 1974, mifupa yenyewe iko Addis imefungiwa, wageni wanaona nakala. Zinjanthropus, fuvu lingine la aina hiyo lililopatikana Olduvai 1959, ako Dar es Salaam. Hakuna mtu aliamua kuwatesa watu wa Hadar na Wamasai, ni kwamba kitu ambacho kiko kimoja tu duniani hulindwa hivyo.

Na kuna hoja nyingine ambayo watu wa upande wangu hatupendi kuisikia. Zile fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, mwaka 1905, zilirudi kwa Wanandi 2006 kupitia mtoto wa Meinertzhagen mwenyewe, na hakuna mtu angeuliza kwa nini ni Wanandi, kwa sababu alikuwa Orkoiyot wao, kiongozi wao wa kiroho, na jamaa zake wako. Vigango vya Wamijikenda pia, zile nguzo za kuchongwa za kukumbuka wafu, kila kigango kiliwekewa mtu fulani aliyekufa, kina familia. Lakini nyani wa miaka milioni 18? Abasuba na Wajaluo wa Rusinga wamefika pale juzi tu ukilinganisha na huyo. Kwa damu ni wa dunia nzima, ni wa Mjapani kama alivyo wa mtu wa Mbita. Nilipofika hapa kwenye kufikiria kwangu nilikaribia kumwambia mtoto basi Nairobi ni sawa.

Kitu kilichonirudisha ni hii hoja ya usalama, kwa sababu ni ileile London walikuwa wanatuambia sisi. Eti kwenu kutachomeka, kwenu kutaibiwa. Na tukaona tarehe 2 Septemba 2018 makumbusho ya taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, jiji kubwa, vitu kama milioni 20, yakaungua usiku mmoja na wazima moto wakakuta mabomba ya karibu hayana maji. Tukaona 2023 British Museum yenyewe ikikiri vitu kama 2,000 vimepotea ama vimeibwa ama vimeharibiwa. Oktoba 2025 wezi wakaingia Louvre mchana kweupe wakatoka na vito vya wafalme kwa dakika zisizofika kumi. Kama usalama ungekuwa unatokana na kuwa jiji kubwa basi hayo matatu hayangetokea. Ukiweka kila kitu mahali pamoja, siku mahali hapo pakiharibika umepoteza vyote.

Haimaanishi Kisumu iko tayari. Mi naishi hapa, najua stima inavyopotea, najua unyevu wa ziwa unavyofanya kwa vitabu, sembuse mfupa. Kuna makumbusho moja huku kwetu, sitaitaja, niliingia nikapata taa za chumba kizima hazifanyi kazi, kijana wa pale akatumulikia na simu yake kabati moja baada ya lingine, na alieleza vizuri kuliko mwongoza wageni yeyote nimewahi kupata, lakini simu ikaisha chaji kabla tumalize. Nilitoka nimeumia. Yule kijana anajua kazi, mwajiri wake ndo hajanunua balbu. Na kaunti zetu kila miaka mitano gavana akibadilika na bajeti inabadilika, makumbusho haipigi kura, inakatwa ya kwanza.

Ila pia hatuanzi sifuri. Kitale ilifunguliwa 1974 kwa mkusanyiko wa mzungu mmoja anaitwa Stoneham, wadudu, ndege, vitabu, na imevitunza nusu karne mbali na Nairobi. Hyrax Hill pale Nakuru, Mary Leakey huyohuyo alichimba 1937, na ukienda leo utaona bao lililochongwa kwenye mwamba, unaweka kidole kwenye shimo ambalo mtu aliweka kete huko zamani. Kapenguria maonyesho ni seli zenyewe walizofungiwa kina Kenyatta. Ukisimama pale ambapo kitu kilitokea unakielewa tofauti, na hakuna kabati la vioo la Nairobi litakupa hiyo.

Wafaransa walijaribu kitu ambacho naona kinaweza kutufaa. Desemba 2012 Louvre ilifungua tawi Lens, mji wa machimbo ya makaa ya mawe yaliyokuwa yamefungwa, mji maskini, na hawakupeleka nakala. Wanapeleka vitu vyenyewe, zaidi ya mia mbili kwenye ukumbi mmoja mrefu, vinakaa kwa muda vinarudi Paris, vingine vinakuja. Mkusanyiko unabaki mmoja kwa hivyo mtafiti hapotezi kitu, lakini mtoto wa mchimba makaa anasimama mbele ya kitu cha kweli bila kupanda treni.

Kwa hivyo mimi nimesimama hapo. Fuvu libaki kwa daftari la Nairobi, lakini liwe linakuja Kisumu, tuseme miezi mitatu kila miaka michache, kwa masharti magumu kabisa, na Nairobi wawe na haki ya kukataa masharti yakikosa kutimizwa. Chumba kimoja tu chenye sola na betri zake, si nyumba nzima, mashine ya kukausha hewa, walinzi, na wafanyakazi wawili waliopelekwa Nairobi kusomea na mshahara wao usiguswe na siasa. Na Rusinga pale lilipookotwa wapewe nakala nzuri ya kudumu na vijana wa kisiwa wa kuongoza wageni, daraja la Mbita liko, mtu anafika na boda. Anayesema hiyo ni ghali ahesabu pia ile gharama ya upande mwingine, nauli ya basi la shule kutoka Homa Bay hadi Nairobi na kulala huko, ambayo shule nyingi za huku haziwezi kulipa, na watoto wanamaliza darasa wakijua huyo nyani kwa mchoro wa kitabu.

Kuna mtu ataniambia London nao wanaweza kutumia maneno yangu, waseme basi na sisi tutawakopesha tu. Nimelifikiria hilo na sikubali, kwa sababu Kisumu na Nairobi wana bunge moja na katiba moja, mtu wa Rusinga anaweza kumpigia kura na kumshtaki anayeshika funguo, na hiyo kwa British Museum hana. Lakini ni kweli pia kwamba kila mwaka Nairobi inapokaa na hilo fuvu bila kulileta huku, hiyo tofauti inazidi kuwa ndogo.

Desemba shule zikifunga nitampeleka mtoto Nairobi alione, nimeshamwahidi. Mamake amesema tuanze kuweka nauli sasa.