Wachezaji wa nyongeza wa Atlanta Braves 2021: Oktoba ipewe uzito gani?

Atlanta Braves walipotwaa ubingwa wa besiboli ya Marekani mwaka 2021 kwa kuwashinda Houston Astros mechi 4 kwa 2, tuzo mbili kubwa za mtoano hazikwenda kwa nyota waliozoeleka. Eddie Rosario alichaguliwa mchezaji bora wa mfululizo wa kuwania ubingwa wa Ligi ya National, moja ya ligi mbili za besiboli hiyo, dhidi ya Los Angeles Dodgers, na Jorge Soler akawa mchezaji bora wa World Series, yaani fainali. Wote wawili walisajiliwa siku moja, Julai 30, dirisha la usajili lilipokuwa linafungwa, na klabu walizotoka hazikudai mengi ili kuwaachia. Wapo wanaosema wachezaji wa namna hii wapimwe kwa walichofanya mwezi Oktoba, mwezi wa mtoano, kwa kuwa ndicho walicholetewa. Wengine wanashikilia kwamba mechi za mtoano ni chache mno kumpima mtu, na kwamba kilichoonekana kilikuwa bahati ya wiki mbili tatu. Kwa maoni yangu, hoja hizi mbili haziwezi kutumika kwa wachezaji wote kwa kipimo kimoja.

Ikumbukwe hali ilivyokuwa. Julai 10, mjini Miami, Ronald Acuña Jr., mlinzi wa nje na nyota wa timu, aliumia goti akiufukuzia mpira ukutani, na msimu wake ukaishia hapo. Marcell Ozuna, mlinzi wa nje mwingine, alikwisha kukosekana tangu mwishoni mwa Mei. Timu ilifika mapumziko ya katikati ya msimu ikiwa imeshinda mechi 44 na kupoteza 45. Meneja mkuu Alex Anthopoulos alimchukua kwanza Joc Pederson kutoka Chicago Cubs, kisha Julai 30 akawaongeza Rosario, Soler na Adam Duvall, akawa ameijenga upya safu nzima ya walinzi wa nje. Rosario alifika kutoka Cleveland akiwa majeruhi, kwa kubadilishana na Pablo Sandoval, ambaye Cleveland walimtoa kikosini papo hapo. Soler alikuwa akipiga kwa wastani wa .192 kule Kansas City, yaani hiti (mapigo yanayomfikisha mpigaji salama kwenye besi, kituo cha uwanjani) chini ya mbili kwa kila majaribio kumi. Kwa bei hiyo, hakuna aliyewatarajia waibebe timu.

Wanaoitetea Oktoba wana ushahidi mzito. Dhidi ya Dodgers, Rosario alipata hiti 14 katika majaribio 25, na warushaji wao hawakuwa dhaifu. Soler alipiga homurani (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote na kufunga) tatu katika World Series, na kila moja iliipa Atlanta uongozi: ya kwanza akiwa mpigaji wa kwanza kabisa wa fainali, ya pili akiingia kutoka benchi katika mechi ya nne, ya tatu ikileta mikimbio (pointi) mitatu katika mechi ya sita iliyoisha 7-0. Pederson naye aliingia kutoka benchi dhidi ya Milwaukee Brewers akapiga homurani iliyoleta mikimbio yote mitatu ya ushindi wa 3-0. Mtu hawezi kuyaita haya mambo madogo.

Hata hivyo, kama Oktoba ingekuwa kipimo cha uwezo wa mchezaji, msimu uliofuata ungethibitisha. Mwaka 2022 Rosario alipiga kwa wastani wa .212, tena baada ya kufanyiwa matibabu ya jicho. Soler, aliyehamia Miami, alipiga .207 katika mechi 72 tu, kisha mwaka 2023 akapiga homurani 36. Ukizitazama namba hizo huwezi kusema Oktoba ya 2021 ilituonyesha Soler ni nani. Ilituonyesha alichofanya wiki hiyo.

Ndiyo maana nawapima wapigaji hawa zaidi kwa Agosti na Septemba, miezi ambayo wachambuzi wengi huipita haraka. Baada ya mapumziko Braves walishinda mechi 44 na kupoteza 28, wakachukua kundi lao. Katika kipindi hicho Soler alipiga homurani 14 kwa mechi 55, na Rosario 7 kwa mechi 33. Bila mchango huo kusingekuwa na Oktoba ya kuzungumzia. Lakini pia walifika katika timu iliyokuwa na nguzo: Freddie Freeman, Ozzie Albies, Dansby Swanson na Austin Riley walicheza karibu kila mechi ya msimu, na kila mmoja alipiga homurani zisizopungua 27. Wageni hawakutakiwa kuwa mashujaa, walitakiwa kuziba mapengo, na hilo liliwapunguzia mzigo sana.

Kwa kipimo hicho, aliyedhulumiwa na kumbukumbu za watu ni Duvall. Ukijumlisha mechi zake za Miami, alikotoka, na za Atlanta, aliongoza Ligi ya National kwa kuleta mikimbio 113, na akapata tuzo ya Gold Glove kwa ulinzi. Katika mechi ya tano ya fainali alipiga homurani besi zote zikiwa na watu, katika iningi (kipindi cha mchezo) ya kwanza kabisa. Atlanta wakapoteza 9-5, na pigo hilo halitajwi tena.

Kwenye mikataba, kumwachia Soler aende Miami kwa dola milioni 36 za miaka mitatu ulikuwa uamuzi sahihi. Rosario alibakizwa kwa milioni 18 za miaka miwili, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ni kulipia Oktoba. Pederson, aliyekwenda San Francisco kwa milioni 6 tu, ndiye ningembakiza.

Warushaji wa akiba ni habari nyingine, na hapa nakubaliana na wanaoitetea Oktoba. Katika mechi ya sita dhidi ya Dodgers, iningi ya saba, Atlanta wakiongoza 4-2, Luke Jackson aliondoka akiacha wapinzani besi ya pili na ya tatu, hakuna aliyetolewa. Akaingia Tyler Matzek, ambaye miaka michache kabla alipoteza kabisa udhibiti wa mkono wake hata akatoka ligi kuu. Aliwatoa kwa staraiki (mpigaji akiishiwa nafasi zake tatu) Albert Pujols, Steven Souza Jr. na Mookie Betts, mmoja baada ya mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya mrushaji wa akiba: kuingia wakati kosa moja linageuza mechi. Ukimpima kwa wastani wa miezi sita, unaupa uzito uleule mrusho wa Mei timu ikiongoza kwa mikimbio saba.

Sifa hizo, hata hivyo, zina gharama ambayo mapitio mengi huiacha. Matzek alirusha katika mechi 13 kati ya 16 za mtoano, baada ya mechi 69 za msimu wa kawaida, na Jackson alikuwa ametumika katika 71. Aprili 2022 Jackson alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, na Oktoba mwaka huo ikawa zamu ya Matzek. Siwezi kudai kwamba mtoano wa 2021 ndio uliowaumiza, maana mkono wa mrushaji huchakaa kwa miaka mingi. Lakini Braves waliposhinda mechi 101 mwaka 2022, kisha wakatolewa na Philadelphia Phillies 3-1, wote wawili hawakuwepo kikosini.