Chubwi Yangu Haioni Usiku

Ningependa kuelezwa ni kwa nini samaki aitwaye kapi, ambaye mchana kutwa hujificha kwenye matete akijifanya hana njaa, hukumbuka kula saa ambayo mimi siwezi kuuona hata mkono wangu mwenyewe.

Mchana nilikuwa hodari. Nilichagua pengo lenye upana wa mkeka, kati ya matete na tawi lililoinamia maji, nikaitupa chubwi, ile risasi nzito ya kuzamishia ndoana, mara tatu na mara zote tatu ikatua pale pale, huku mimi nikigeuka kutafuta shahidi. Hapakuwa na shahidi. Nikaubana mshipi kwenye kishikizo cha rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ili usitoke zaidi ya hapo, kisha nikachomeka ardhini vijiti viwili vilivyoachana futi 12 na kuuzungusha mshipi kutoka kijiti hiki hadi kile, nikihesabu, mpaka ukagoma kwenye hesabu ya 12, yaani kama mita 44. Hesabu hiyo niliiandika kiganjani, mahali ambapo giza likiingia hapasomeki.

Umbali niliupata, lakini kishikizo hakijui kulia wala kushoto. Mita 44 za kwenda kwenye pengo ni zile zile za kwenda kwenye tawi, na mkono ukipinda digrii 5 tu, chambo huangukia karibu mita 4 kando. Mkono wangu hupinda hata ninapomimina chai.

Wajuzi wanasema usiku usitazame maji, bali utazame vilele vya miti ya ng'ambo, kwa kuwa giza la mti ni zito kuliko giza la anga. Nami nikachagua mti mrefu kuliko yote, nikauzoea kama jirani, na mara tu nilipoinua ufito wa kuvulia likaja wingu likaifanya miti yote kuwa mmoja. Tochi nayo ni adui anayejiita rafiki: macho huhitaji dakika 20 au 30 kulizoea giza, na mwanga mweupe huifuta kazi hiyo yote kwa mara moja. Ndiyo maana nilinunua tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, isiyoyasumbua macho sana. Lakini aliyeitengeneza, ambaye bila shaka hajawahi kuvua, aliamua kwamba kabla ya kuifikia nyekundu ni lazima upitie nyeupe.

Basi nikarusha. Kishikizo kinapoukamata mshipi hewani, unatakiwa uwe umeinua ufito ili uupokee mshtuko, la sivyo chubwi hurudishwa nyuma au mshipi hukatika. Mimi huinua mapema mno au baada ya mambo kuharibika. Zaidi ya hayo, chambo kikishatua ni lazima mshipi utolewe kishikizoni, maana kapi mkubwa akiondoka nao ukiwa umebanwa ataukata kama uzi wa kushonea. Na kazi hiyo hufanywa kwa kupapasa, kwa vidole vinavyonuka chambo.

Kinachobaki ni sikio. Walioliita lile bonge la risasi chubwi walikuwa watu wa haki, kwa sababu likitua majini hutamka jina lake lenyewe, na mvuvi wa usiku hana habari nyingine ya kutegemea. Nikashusha pumzi, nikatega sikio, nikangoja. Kimya. Nikavuta mshipi kidogo; ukavutika, ukaniachia, ukavutika tena, na kwa mbali majani yakatikisika.

Wakati ningali nimesimama hivyo, nikibembelezana na mti, kapi mmoja, mzito kwa jinsi nilivyomsikia, akaruka na kuangukia katikati ya lile pengo langu, bila kishikizo, bila vijiti na bila tochi: chubwi!