Karani alisoma hundi kabla ya mashine

Juzi nilikuwa natafuta neno "shamba" kwenye mihtasari ya vikao vya ukoo wetu, kurasa kuukuu za taipu ambazo binamu yangu alizipiga skana. Kompyuta ikaniambia hakuna. Ukoo wetu haujazungumzia shamba? Thubutu! Nikafungua ukurasa wa 3, neno hilo hapo. Kumbe mashine imesoma "sharnba": wino umefifia, m imegeuka r na n. Nilipoandika "sharnba" yakajitokeza mengine kibao.

Atakayeifundisha mashine kutochanganya herufi hizo, apewe hataza yake, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake, simwonei choyo. Nisichokubali ni mtu kujimilikisha wazo lenyewe la kuipiga picha karatasi na kuchambua maneno yaliyomo.

Kuna kampuni ya Marekani, Content Extraction and Transmission, ilijaribu. Ilikuwa na hataza 4, ikazishtaki benki za Wells Fargo na PNC kwa sababu ya ATM zinazosoma hundi. Desemba 2014 mahakama ya rufaa ikasema hataza hizo ni batili: kukusanya taarifa, kutambua zinazohitajika na kuzihifadhi ni mambo ambayo binadamu amekuwa akiyafanya siku zote. Karani wa benki aliangalia hundi, akaona kiasi na namba ya akaunti, akaandika kwenye kumbukumbu zake. Skana nayo ilishazoeleka.

Benki zina mawakili wa kupambana. Mwenye duka je? Kampuni nyingine, MPHJ, ilituma barua kwa biashara ndogo zaidi ya 16,000 ikidai kama dola 1,000 kwa kila mfanyakazi, eti kwa kuskani karatasi na kuituma kwa barua pepe! Jimbo la Vermont liliishtaki mwaka 2013.

Wapo wanaolalamika kwamba majaji wamekaza mno, kwamba hata mvumbuzi wa kweli wa programu sasa anaondoka mikono mitupu. Sidhani. Mvumbuzi Emanuel Goldberg, akiwa Dresden, Ujerumani, alipata hataza ya Marekani mwaka 1931 kwa mashine ya kutafuta nyaraka ndani ya filamu ndogo zilizohifadhi picha za nyaraka hizo. Hakuandika tu kwamba nyaraka zitafutwe. Alichora taa, filamu inavyopita na seli inayohisi mwanga alama zinapolingana. Aliyetaka kutafuta kwa njia nyingine, njia ilikuwa wazi.