Msimulizi Niliyemsikia Peke Yangu

Kwenye kaunta ya maktaba ninayoazima filamu kuna daftari kubwa, na kalamu iliyofungwa kamba ili isiondoke na wasomaji. Mkutubi aliliweka pale ili anayerudisha filamu aandike neno moja mawili kwa faida ya atakayeichukua baadaye. Wengi huandika "nzuri" au "inachosha". Wachache wasio na huruma huandika "steringi anakufa mwishoni", na hao kwa maoni yangu wangenyang'anywa kadi za uanachama.

Mimi nilikuwa naandika mapitio. Aya tatu, nne, na nyota chini yake. Ikafika wakati watu wakawa wanakuja kaunta wakiuliza, "Yule wa mwandiko wa kulala amesemaje wiki hii?" Nikavimba kichwa. Nikaanza kuandika "taharuki" mahali ambapo "hofu" ingetosha.

Wiki ya mkasa niliazima filamu tatu, ndiyo mwisho wa ruhusa yetu kwa siku 7. Mbili nimezisahau. Ya tatu ilikuwa ya zamani: bwana mmoja anarudi alikozaliwa kumzika kaka yake, halafu anaanza kushuku kwamba marehemu hakufa kifo cha Mungu. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa filamu yenyewe haikunikosea kitu.

Dakika kumi za mwanzo zilikwenda kama filamu yoyote. Nikanyanyuka kuchukua maji, nikarudi, nikajitupa kwenye kochi. Kitu kigumu kikanichoma mapajani. Nikakisukuma pembeni bila kukitazama. Hapo hapo ikaingia sauti ya mzee, nzito, yenye mikwaruzo ya sigara:

"...na ndipo farasi alipogoma kabisa."

Kwenye skrini hapakuwa na farasi. Palikuwa na bwana yule, chumbani, akiwasha taa.

Nikakaa sawa. Waigizaji walikuwa bado wanazungumza, ila kwa chini sana, kama majirani nyuma ya ukuta. Juu yao mzee anaendelea. Akasema chumba kile hakikuwa chumba, kilikuwa kuta tatu tu, na ya nne ilikuwa wanaume ishirini waliokuwa na njaa. Nikahisi nywele zinanisimama. Wanaume ishirini wenye njaa, tusiowaona, wakimtazama mfiwa! Nikaenda kutafuta karatasi.

Baadaye ikaongezeka sauti ya pili, nyembamba, ya mtu anayelalamika kuhusu fedha. "Siku ile peke yake ilitumaliza," inasema. Mzee anamcheka, kisha anakohoa. Nikaandika: *Sauti mbili: dhamiri na tamaa. Dhamiri ni mgonjwa.* Nikapigia mstari neno "mgonjwa" mara mbili.

Kilele kilikuwa makaburini. Mvua inanyesha, bwana yule kapiga magoti, analia kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Nami koo limekaza. Mzee akasema taratibu, "Jiwe hilo la kaburi ni boksi. Upepo ulilichukua mara mbili, tukalikimbiza uwanjani." Jamani, nililia. Nimesoma tenzi, nimesikiliza mawaidha ya misibani tangu nikiwa mtoto, lakini sijapata kukutana na mtu aliyeyasema mauti kwa ufupi namna ile: boksi, na sisi tunalikimbiza uwanjani.

Dakika za mwisho mzee alinyamaza. Bwana anapanda gari, barabara inakuwa ndogo, kimya. Halafu: "Basi, ndiyo hivyo. Ahsanteni kwa kukaa nasi." Nikasimama sebuleni peke yangu, usiku wa manane, nikapiga makofi.

Mapitio yangu yalijaza kurasa mbili. Na kwa kuwa shetani akikutia ujinga hukupa na elimu ya kuutetea, niliyapamba kwa historia. Nikakumbusha kwamba Japani, enzi za filamu bubu, walikuwako wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya skrini wakieleza kinachoendelea, na baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji. Nikataja *Sunset Boulevard* ya 1950, inayosimuliwa na maiti. Nikamwingiza hata Brecht, yule mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, aliyetaka mtazamaji asisahau kamwe kwamba anatazama mchezo. "Mwongozaji huyu," nikahitimisha, "amewapita wote. Filamu inajivua nguo mbele yetu." Nyota tano, na ya sita nikaichora pembeni kwa kalamu ya risasi.

Filamu haikukaa tena kabatini. Aliyeichukua kwanza aliirudisha akisema ni nzuri, lakini msimulizi hakumsikia. Wa pili vilevile. Mkutubi akashuku diski. Akaitoa kwenye kasha, akaiinamisha dirishani mpaka upinde wa mvua ukateleza juu yake, akaipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mistari iliyonyooka. Akanieleza ndivyo inavyotakiwa: taarifa zimepangwa kwa mzunguko, kwa hiyo ukipangusa kwa kuzungusha, mkwaruzo mmoja unaweza kufuata njia ile ile na kuharibu sehemu ndefu, lakini ukipita kwa kukatiza, mashine hujikwamua. Nikatikisa kichwa kama mtaalamu mwenzake. "Nadhani msimulizi amekwaruzika," nikasema.

Alinitisha zaidi mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo ya mama yangu, anayesoma kila kitu na miwani yake inaning'inia kifuani. Alinikamata kwenye rafu za historia.

"Mwanangu, huyo mzee wako yuko wapi? Nimetazama mara mbili."

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema, "Sijui, Mwalimu, ngoja niitazame tena." Badala yake nilimjibu, Mungu anisamehe, "Mwalimu, ni msimulizi wa ndani. Wengine hawamsikii mara ya kwanza."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaenda kuiazima mara ya tatu.

Mkutubi, mtu mwema asiye na hila, akaona njia ya kumaliza ubishi ni kuonyesha filamu hiyo ukumbi wa kusomea, Jumamosi jioni, na mimi nitoe utangulizi. Walikuja watu kama thelathini. Nilizungumza dakika ishirini. Niliwaambia watulize nafsi, wasiisubiri sauti kwa masikio, waisubiri kwa kifua. Mwalimu alikaa mstari wa mbele, miwani machoni.

Dakika kumi zikapita. Bwana akaingia chumbani, akawasha taa. Nikainua kidole: sasa.

Hakuna.

"Anakuja," nikanong'ona. Taa ikazimwa. Bwana akalala. Mtu nyuma akapiga chafya, na watu wawili wakageuka wakidhani ndiye. Tulipofika makaburini nilikuwa nimeloa jasho kuliko marehemu alivyoloa mvua.

Ndipo kijana wa darasani, aliyesaidia kufunga projekta, akaninong'oneza. "Samahani, mjomba. Huko nyumbani ulibonyeza hapa?" Akanionyesha rimoti. Kitufe kidogo, kimeandikwa "AUDIO". Kabla sijajibu akakibonyeza.

Waigizaji wakazama. Na ukumbini, kwenye spika mbili kubwa, ikatoka ile sauti yenye mikwaruzo: "Jiwe hilo la kaburi ni boksi. Upepo ulilichukua mara mbili, tukalikimbiza uwanjani."

Kwa sekunde moja nilikuwa mshindi. Nikageukia umati mikono wazi, kama mtu aliyeleta mvua. Kisha mzee akaendelea: "Nilipoiongoza filamu hii nilikuwa na mafua, na mtayarishaji wangu hapa alikataa kuninunulia dawa." Ile sauti nyembamba ikajibu, "Risiti hukuleta."

Kijana akanieleza kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi. Diski moja ya DVD inaweza kubeba njia 8 za sauti, na mara nyingi mojawapo huwa ni ya mwongozaji akieleza jinsi alivyotengeneza kazi yake. Jambo lenyewe si geni hata kidogo; lilianza kwenye diski za leza mwaka 1984, pale mtaalamu mmoja aliporekodi maelezo juu ya *King Kong* ya 1933. Miaka yote hiyo dunia inajua, mimi nimekalia rimoti.

Walicheka mpaka mkutubi, anayewanyamazisha watu kwa kazi, akatoka nje kwenda kucheka huko.

Jumatatu nilikwenda mapema kuchana kurasa zangu mbili. Nilichelewa. Mwalimu alikuwa amekwisha kuzipitia kwa wino mwekundu. Alisahihisha "taharuki" mahali pawili, akaifuta nyota ya sita, na chini kabisa akaandika: *Insha nzuri sana. Nje ya mada. 4/20.*

Mwenyewe alikuwa kaunta, anagongewa muhuri. Mkononi ana kasha lile lile, mara ya nne.

"Mwalimu, si tumeshaimaliza hiyo?"

"Filamu nimeimaliza, inachosha," akasema, akiitia mkobani. "Nakwenda kumsikiliza mzee wako. Nataka kujua kama yule bwana alimlipa hela ya dawa."