Stima Ilikatika, Wazee Wakaoga

Sikupanda punda nikakimbilia kijiji cha Shela. Binamu yangu ameshatuma sauti kwenye kundi, akisimulia jinsi nilivyowamwagia wazee maji kisha nikatoroka juu ya punda. Ya punda kaongeza mwenyewe. Yaliyobaki ni kweli, kwa bahati mbaya.

Ile Raspberry Pi, kompyuta ndogo, niliyomfungia mjomba kuendesha pampu ya tangi la darini, si niliwachosha nayo mwezi mzima? Kila dakika programu yangu ilifungua faili moja, ikafuta yaliyomo, ikaandika upya kina cha maji na kikomo cha tangi, yaani pale pampu inapotakiwa kusimama. Kikomo chenyewe hakibadiliki! Msiniulize kwa nini nilikitia humo.

Juzi alasiri stima ikakatika. Nikawatuliza wazee waliokaa dakani na kahawa yao: "Hii ni Linux, ext4 ina jonali, haiharibiki." Yaani Linux ndiyo mfumo unaoiendesha kompyuta ile, ext4 ni utaratibu wake wa kuhifadhi mafaili, na jonali ni daftari la mabadiliko yake. Laiti ningekuwa bubu siku ile. Jonali ililinda mpangilio wa mafaili, kweli. Lakini maneno yangu yalikuwa bado kwenye memori, hayajashuka kwenye kadi ya kuhifadhia. Stima iliporudi faili lilikuwepo, jina lile lile, baiti 0, tupu kabisa. Na mimi, fundi mzima, nilikuwa nimeiandikia programu: ukikosa kikomo, jaza.

Likaanguka tone moja, ndani ya kikombe cha mzee wa pembeni. Akatazama kikombe. Akatazama juu. Wingu hakuna. Tone la pili likatua kwenye kofia yake ya kushona kwa mkono. Hapo nikaelewa. Mdomo ukafunguka, neno halikutoka. Mkononi nina kisahani cha halua, na sijui akili ilikwenda wapi, nikaifunika halua kwa kiganja. Bomba la kumwagia maji ya ziada likakohoa mara mbili, likatapika. Maji ya Shela, matamu, ya baridi, juu ya kanzu nne. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonimaliza. Mzee akapangusa uso taratibu.

"Mwanangu, sisi udhu twatia msikitini."

Basi, nikazima pampu, nikaomba radhi, nikapeleka kanzu kupigwa pasi. Sasa programu huandika faili la kando, huita fsync, amri ya kuyashusha maandishi kwenye kadi, ndipo hulibadilisha jina likachukua nafasi ya lile la zamani. Kikomo nimekihamishia sehemu ya kadi isiyoandikika. Na fundi bomba katia boya la kufunga maji tangi likijaa. Boya, wallahi, lisilojua hata Linux ni nini.

Jana stima ilikatika tena. Wazee walibeba vikombe vyao wakahamia daka la jirani kabla sijafungua mdomo.